Sura ya Sita: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Chini ya meza yangu kuna ndoo ya rangi ya lita nne iliyojaa spea nzima. Ndani yake mna plagi nne, nyaya zake nne, kifuniko cha distribyuta, rota na pampu ya petroli. Zote zilitoka kwenye Toyota Corolla 110 niliyoitegemea kwa kazi na kwa familia, na zote zilitoka ndani ya wiki sita. Hakuna hata moja iliyokuwa mbovu siku ilipofunguliwa. Kila moja iling'olewa kwa sababu mtu aliinama juu ya injini, akasikiliza kidogo, akasema, "Nadhani ni hii."

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Asubuhi gari liliwaka vizuri. Likishapata moto, sailensi ilibaki juu, moshi mweusi ukatoka nyuma, na nikilizima kwa dakika kumi sokoni, kuliwasha tena ilikuwa kazi ya kupiga stata mpaka betri inaomba msamaha. Tangi lililokuwa likinipeleka Morogoro na kunirudisha Dar es Salaam, likabaki na akiba ya kuzungukia mjini, sasa liliwasha taa ya mafuta njiani, kabla sijaifikia Chalinze nikirudi.

Nilipofika kwa fundi mzee mmoja Buguruni, nilikuwa nimeshamaliza fedha za ada ya muhula mzima. Nikamwamkia, akaitikia, nikaanza kumtajia spea nilizobadilisha, moja baada ya nyingine. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Mwanangu, umenieleza ulichonunua. Bado hujanieleza gari linaumwa nini."

Sentensi hiyo ndiyo iliyozaa sura hii. Gari la zamani linaweza kutunzwa kwa miaka mingi na mtu wa kipato cha kawaida, kwa sharti moja: fedha isitoke mfukoni kabla ushahidi haujatoka kwenye injini.

MASWALI MATATU KABLA YA SPANA

Mzee hakufungua boneti. Aliketi kwenye tairi kuukuu akaniuliza maswali matatu, nami tangu siku hiyo sijaanza kazi yoyote ya injini bila kuyajibu.

La kwanza: nani aliligusa gari mara ya mwisho kabla halijaanza kuumwa? Magari ya zamani mara nyingi huugua baada ya kutibiwa. Mpira wa hewa husahaulika ukining'inia, soketi ya umeme hurudishwa nusu, waya hubanwa chini ya bolti. Nilikumbuka kwamba miezi miwili kabla, gari lilichemsha barabarani, rejeta ikabadilishwa. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, kwa kuwa niliona ni jambo lililokwisha. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

La pili: ni silinda moja au zote nne? Swali hili hugawa injini katika nchi mbili. Silinda moja ikikosa kazi, gari likamisi, injini ikatetemeka kwa mpigo unaojirudia, mwizi yuko ndani ya mambo ambayo silinda hiyo inayamiliki peke yake: plagi yake, waya wake, nozeli yake, vali zake, ringi zake. Zikiumwa zote kwa pamoja, ni kupoteza muda kutafuta kwenye plagi moja. Chanzo kitakuwa kwenye kile zinachochangia: petroli, hewa, umeme wa distribyuta, au kompyuta inayotoa amri.

La tatu: baridi au moto? Injini baridi na injini yenye moto ni kama watu wawili tofauti. Hitilafu inayokuja asubuhi na kuondoka baada ya dakika kumi ina ukoo wake, na ile inayosubiri injini ipate moto ina ukoo mwingine.

Majibu yangu yalikuwa: rejeta, zote nne, moto. Bila spana hata moja kuguswa, uwanja wa kutafuta ulikuwa umeshapungua ukabaki kona moja ya injini. Wale walioniuzia plagi na pampu hawakuwa na jibu hata moja kati ya hayo matatu, kwa sababu hawakuuliza.

INJINI INADAI NINI

Ili majibu hayo yawe na maana, ni lazima kujua injini ya petroli inadai nini ili iwake. Inadai mchanganyiko sahihi wa hewa na petroli, mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda, na cheche kali inayokuja kwa wakati wake. Hitilafu yoyote ya kuwaka au kukosa nguvu, hata ikivaa nguo gani, ni upungufu wa kimojawapo.

Injini ya Corolla 110 yangu ni 5A-FE: silinda nne, sentimita za ujazo 1,498, cheche zikifuatana kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Kila silinda ina nozeli yake, na kompyuta ndiyo inayoamua nozeli ifunguke kwa muda gani. Mizani inayolengwa injini ikishapata moto ni takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Injini ikiwa baridi, petroli haigeuki mvuke vizuri, nyingine huganda kwenye kuta za njia ya hewa, hivyo kompyuta huongeza petroli na kupandisha sailensi, kama mpishi anayeongeza kuni mpaka jiko lishike.

Kompyuta haina mkono wa kuigusa injini ili ijue ina moto kiasi gani. Inategemea sensa. Sensa ikidanganya, kompyuta itafanya kazi yake kwa uaminifu kamili juu ya habari za uongo, na kila kipimo cha petroli itakachotoa kitakuwa kosa.

MACHO NA PUA

Mzee alifungua plagi zote nne, mpya zile zile nilizonunua wiki mbili kabla, akazipanga juu ya gazeti kwa mpangilio wa silinda. Plagi ni barua inayotoka ndani ya silinda. Yenye rangi ya kahawia hafifu au kijivu inatoka kwenye nyumba yenye amani. Yenye masizi meusi makavu yanayofutika kwa kidole imezidiwa petroli. Yenye weusi unaong'aa kwa unyevu wa mafuta mazito imeingiliwa na oili. Iliyo nyeupe kupita kiasi, kama imechomwa, huenda inakosa petroli au injini inapata joto lisilo la kawaida. Na ikiwa moja tu imesafishika kama imeoshwa huku wenzake wana rangi zao, shuku maji yanayopenya kwenye silinda ile.

Zangu zote nne zilikuwa na masizi makavu yanayolingana. Hiyo ilithibitisha jibu la swali la pili: ugonjwa ni wa wote, na ni wa petroli kuzidi.

Kwenye injini za aina hii kuna jambo jingine la kutazama wakati plagi ziko nje. Plagi zimezama ndani ya mashimo marefu katikati ya silinda hedi, na kila shimo lina sili yake kwenye kifuniko cha vali. Sili hizo zikikauka, oili hujaa shimoni, hulainisha mpira wa waya wa plagi, na cheche hutorokea pembeni. Gari huanza kumisi, na mwenye gari huuziwa koili. Tochi ingetosha. Waya wa plagi nao unapimika: kikomo cha Toyota ni omu 25,000 kwa kila waya. Ukizidi hapo, utupe bila majuto. Ukiwa chini, uache ulipo.

Moshi nao una lugha, mradi utazame na saa yake. Mweusi ni petroli iliyozidi. Wa buluu ni oili inayoungua: ukitoka kwa wingi asubuhi wakati wa kuwasha kisha ukapungua, sili za vali ndizo za kushuku kwanza, ukitoka unapokanyaga mafuta kupanda mlima, fikiria ringi. Mweupe wa asubuhi ya baridi unaopotea haraka ni mvuke wa kawaida, lakini mweupe mzito unaoendelea huku maji yakipungua kwenye rejeta ni habari mbaya ya gasketi ya silinda hedi. Hapo chomoa kijiti cha oili: ikiwa imegeuka kama chai ya maziwa, zima injini na usiiwashe tena mpaka ijulikane maji yamepita wapi.

TAA INAPOONGEA, NA INAPONYAMAZA

Marekani iliyalazimisha magari kuanzia modeli za mwaka 1996 yawe na mfumo mmoja wa kusomwa na mashine, unaoitwa OBD-II. Magari mengi ya Japani ya miaka hiyo hiyo, yaliyotengenezwa kwa soko la kwao na kuja kwetu kupitia bandari za Dar es Salaam na Mombasa, hayakuwa chini ya sheria hiyo. Ndiyo maana mashine ya kisasa huchomekwa kwenye Corolla ya miaka ya tisini, ikashindwa kuzungumza nayo, na fundi kijana akasema gari halipimiki.

Linapimika, kwa kipande cha waya. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo cheusi chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani ya kifuniko kuna ramani ya matundu. Injini ikiwa imezimwa, unganisha tundu la TE1 na la E1 kwa waya mfupi, kisha fungua swichi bila kupiga stata. Taa ya injini kwenye deshibodi itaanza kupepesa. Ikipepesa mfululizo kwa haraka na kwa usawa, kompyuta haina kosa ililoliandika. Ikipepesa mara mbili, ikapumzika, ikapepesa tena mara mbili, hiyo ni namba 22: saketi ya sensa ya joto la maji. Namba 14 ni ishara ya mfumo wa cheche, 21 ni sensa ya oksijeni, 31 kwenye injini hii ni sensa ya mgandamizo wa hewa inayoingia, 41 ni sensa ya kipepeo cha hewa, na 42 ni sensa ya mwendo. Soma ramani mara mbili kabla ya kuchomeka waya, maana tundu la +B lina umeme wa betri, na ukiliunganisha na E1 umepiga shoti.

Namba hiyo haikupi ruhusa ya kununua sensa. Inakuonyesha saketi yenye malalamiko, na saketi ni sensa, nyaya, soketi na kompyuta kwa pamoja. Waya uliokatwa na panya hutoa namba ile ile.

Gari langu halikutoa namba yoyote. Taa ilipepesa kwa usawa, kama ya gari zima. Hapo ndipo wengi walionitangulia walipokata tamaa na kurudi kwenye "nadhani." Mzee akaniambia jambo ambalo limeniokoa mara nyingi: kompyuta huandika kosa inaposikia jambo lisilowezekana. Sensa ikikatika kabisa, kompyuta hugundua, huandika 22, na hujiendesha kwa kukadiria kuwa maji yana nyuzi 80. Lakini sensa ikitoa uongo unaowezekana, kwa mfano ikisema maji ni ya baridi siku nzima, kompyuta haina sababu ya kutoamini. Kuna injini baridi duniani. Itaendelea kumwaga petroli ya asubuhi mchana kutwa.

MAJI YENYEWE, AU ANAYETOA HABARI ZA MAJI?

Sasa tulikuwa na washukiwa wawili. Huenda sensa ilidanganya. Au huenda ilisema kweli, na injini ilikuwa baridi kwelikweli, kwa sababu waliobadilisha rejeta waliitupa themostati.

Hili la pili ni ugonjwa wa barabara zetu zote. Gari likichemsha, themostati hutolewa, na mwenye gari huambiwa kwamba kwenye nchi za joto haihitajiki. Themostati ni mlango. Injini ikiwa baridi hufunga, maji yakazunguka ndani tu mpaka yapate moto. Ya kawaida kwenye injini hizi huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Ukiiondoa, maji hukimbilia kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza, injini huchelewa kufikia joto lake, kompyuta huongeza petroli, na oili hubaki na unyevu ambao ungepaswa kuchemka ukatoka. Kama gari lilichemsha kwa sababu rejeta imeziba au feni haifungui, kuondoa themostati kumeficha chanzo na kuongeza ugonjwa wa pili.

Mzee aliwasha injini, akagusa mpira wa chini wa rejeta kwa tahadhari, mbali na feni. Ulibaki baridi kwa dakika kadhaa, kisha ghafla ukapata moto. Themostati ilikuwepo na ilifanya kazi. Geji ya deshibodi ilisimama katikati, mahali pake. Mshukiwa mmoja akaachiwa huru.

Kisha akanionyesha kitu ambacho sikuwa nimekijua kwa miaka yote niliyoendesha. Kwenye njia ya maji, mwishoni mwa silinda hedi, kuna sensa mbili jirani. Moja ina waya mmoja: hiyo inapeleka habari kwenye geji ili dereva aone. Nyingine ina nyaya mbili: hiyo inapeleka habari kwenye kompyuta. Dereva na kompyuta hawatumii jicho moja. Geji yangu ilisema kweli muda wote, nasi sote tukaridhika, wakati jicho la kompyuta lilikuwa limeharibika.

Akachomoa soketi ya nyaya mbili, akagusisha ncha za mita kwenye sensa. Kipimo kinachotakiwa ni omu 2,000 hadi 3,000 maji yakiwa na nyuzi 20, na omu 200 hadi 400 yakiwa na nyuzi 80. Injini ilikuwa na moto wa kuunguza kidole, na mita ikaandika zaidi ya omu 2,300. Kwa kompyuta, gari langu lilikuwa limeegeshwa alfajiri ya Julai kule Lushoto.

Hata hapo hakunituma dukani. Alitafuta ndani ya kopo la vipande vya redio kizee, akatoa rezista moja yenye mistari miwili ya machungwa na mmoja wa kahawia, yaani omu 330, akaichomeka kwenye soketi mahali pa sensa, akawasha. Sailensi ikashuka taratibu. Moshi mweusi ukakatika. Akazima, akasubiri, akapiga stata: ikawaka kwa mguso mmoja.

"Sasa nenda kanunue," akasema. Akachomoa rezista yake. Ile ilikuwa ya kuthibitisha tu. Ukiiacha, kesho asubuhi injini baridi itaambiwa ina moto, na haitawaka vizuri.

PALE MITA YA UMEME ISIPOTOSHA

Si kila hitilafu hupimwa kwa omu. Injini inapokosa nguvu na umeme na petroli vimeonekana vizima, pima mgandamizo kabla mtu hajataja neno "ovaholi." Injini iwe na moto, plagi zote zitolewe, distribyuta ichomolewe umeme wake, kanyagio la mafuta likanyagwe mpaka chini, kisha piga stata huku geji ikiwa kwenye tundu la plagi. Kwa familia hii ya injini, silinda nzima hutoa takriban psi 191. Kikomo cha chini ni 142. Na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 14.

Silinda ikiwa chini, mimina kijiko cha oili kwenye tundu lake, pima tena. Kipimo kikipanda, oili imeziba pengo la ringi, basi ringi au silinda yenyewe imelika. Kisipopanda, tazama vali. Silinda mbili jirani zikiwa chini kwa pamoja, gasketi imeungua kwenye ukuta unaozitenganisha. Kazi hii inachukua chini ya saa moja, na inatofautisha kubadilisha gasketi na kununua injini nzima.

NAMBA YA SPEA NI JINA LAKE

Nilikwenda Kariakoo nikiwa na uhakika, na bado nilirudi na spea isiyo sahihi mara mbili. Duka la kwanza nilisema, "Nipe sensa ya maji ya Corolla 110." Nikapewa yenye waya mmoja, ile ya geji. Duka la pili nilisema iwe ya nyaya mbili. Nikapewa ya nyaya mbili, lakini soketi yake haikuingiliana na yangu. Wauzaji wote wawili walinipa nilichoomba. Mimi ndiye sikujua kuomba.

"Corolla 110" ni jina la mtaani, na jina la mtaani linatosha kwa kusimulia, halitoshi kwa kununua. Chini ya boneti kuna kibati chenye modeli na namba ya chesisi. Modeli AE110 inasomeka hivi: A ni familia ya injini, E ni ukoo wa Corolla, 110 ni kizazi na toleo lake. Ndiyo maana EE111 inafanana nayo kwa sura lakini ina injini ya familia ya E, ndogo zaidi, na CE110 ina injini ya dizeli ya familia ya C. Carina Ti yenye modeli ya AT212 ina mwili wa ukoo mwingine, T, lakini ndani yake kuna 5A-FE ile ile, na spea zake nyingi za injini zitakufaa. Mwenye kujua kusoma kibati anaweza kukosa spea kwenye duka la Corolla akaipata kwenye duka la Carina.

Baada ya kibati, soma injini yenyewe. Magari yetu yameishi maisha marefu, na mengi yamebadilishiwa injini iliyonoki kwa nyingine ya mtumba. Kadi ya gari inaweza kusema hili na bloku ikasema lile; kwa spea ya injini, sikiliza bloku. Hata jina likifanana, kuwa mwangalifu: 7A-FE iliuzwa Japani katika aina ya kawaida na aina iliyotengenezwa kuchoma mchanganyiko mwepesi ili kubana petroli, nazo hazichangii sensa zote.

Kisha kuna namba ya spea. Namba za Toyota huandikwa kwa mafungu mawili ya tarakimu tano. Fungu la kwanza linataja kitu ni nini. La pili linataja ni cha toleo gani. 17801 ni filta ya hewa, 16100 ni pampu ya maji, 13568 ni taimingi belti, 23300 ni filta ya petroli, 90919 ni ukoo wa plagi na koili, 04111 ni seti ya gasketi za kufanyia ovaholi. Sensa ya geji huanza na 83420. Sensa ya kompyuta huanza na 89422. Tarakimu tano tu zingeniokoa safari ya kwanza, na tano za pili zingeniokoa safari ya pili. Duka la tatu nilitoa namba ya chesisi, muuzaji akaitafutia namba kamili, akaweka mezani kitu kinachoenea kwenye kiganja cha mtoto.

Spea nyingine hubeba jina lake mgongoni. Beringi yenye namba 6203 ina tundu la milimita 17, upana wa nje wa 40 na unene wa 12, iwe imetoka kiwanda chochote duniani. Usilipe bei ya "beringi ya oltaneta ya Toyota" kabla hujasoma namba hiyo. Belti iliyoandikwa 4PK890 ina mistari minne na urefu wa milimita 890. Kwenye plagi za NGK, namba 5 ni sawa na 16 ya Denso kwa kiwango cha joto, na 6 ni sawa na 20. Sili ya oili huchapwa vipimo vitatu: tundu la ndani, upana wa nje, unene.

Sampuli ya zamani mkononi ni nzuri, ila isiwe shahidi pekee. Huenda aliyetangulia alifunga spea isiyo yake ikakaa kwa kulazimishwa, na wewe ukaibeba kama ukweli. Linganisha vitatu: sampuli, kibati na namba. Vikikubaliana, toa fedha.

Na kabla ya kutoa fedha, pima pale pale kama inapimika. Mtumba uliotoka Japani unaweza kuwa bora kuliko mpya ya kuigiza, na unaweza kuwa umekufa. Rangi ya boksi haisemi. Mimi niliomba kikombe cha maji ya moto kwa mama wa chai aliyekuwa jirani, nikatumbukiza ncha ya sensa, nikaweka mita. Omu zikaanza kushuka: elfu moja na kitu, mia saba, mia nne. Muuzaji alitazama kwa makini kuliko mimi. Akaniuliza mita ile inauzwa wapi.

NDOO

Sensa ilifungwa kwa dakika kumi na tano. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya zile nyaya za plagi peke yake. Wiki iliyofuata nilikwenda Morogoro, nikarudi, na taa ya mafuta haikuwaka.

Spea za kwenye ndoo sikuziuza. Plagi nilizisafisha, nyaya nilizipima, pampu niliijaribu. Zote ziko tayari. Kila moja nimeifunga karatasi yenye namba yake kamili, tarehe ilipotolewa, na kipimo chake. Kijana wa jirani yangu ameanza kujifunza ufundi, na kila anapokuja kuniambia kuhusu gari la mteja, namsikiliza mpaka afike kwenye neno "nadhani." Hapo huivuta ndoo kutoka chini ya meza, nikamwachia mita, naye anajua la kufanya.